Nikeli ya Fuwele za Nanomita: Kuitengeneza na Kuipima Ukiwa Nairobi

Ukifika Kamukunji, soko la mafundi wa jua kali hapa Nairobi, asubuhi, nyundo ndizo zinazokupokea. Fundi mmoja wa makarai alinipa pale somo la metali ambalo nimelitumia darasani tangu siku hiyo. Alikuwa akikunja ukingo wa karai kwa chuma cha pipa kuukuu, akasimama, akanionyesha ufa mdogo uliokuwa umeanza kwenye kona. "Mwalimu, ukiligonga sana linakuwa bishi. Halikubali tena. Hapo ni kulipeleka motoni litulie, ama ulitupe."

Alichosema ndicho kiini cha mwongozo huu. Chuma, shaba, nikeli, zote zimejengwa kwa fuwele ndogo zilizobanana. Metali inapokunjwa, safu za atomu ndani ya fuwele huteleza, na kinachobeba mtelezo huo ni kasoro za mpangilio ziitwazo dislokesheni. Nyundo huzizidisha mpaka zinasongamana na kuzuiana, ndipo chuma kinakuwa bishi. Lakini kuna kizuizi kingine ambacho hakihitaji nyundo: mpaka kati ya fuwele moja na jirani yake. Fuwele zikiwa ndogo, mipaka ni mingi, na metali inakuwa ngumu. Mtafiti Hall alilionyesha hilo kwa chuma mwaka 1951, mwingine, Petch, akaliongezea ushahidi 1953: nguvu huongezeka kadiri kipimo cha fuwele kinavyopungua, kwa uwiano wa moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha kipimo hicho.

Ukizipunguza fuwele hadi chini ya nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) unaingia eneo ambalo Herbert Gleiter na wenzake wa Ujerumani walilifungua miaka ya 1980. Hapa nitakuonyesha namna ya kutengeneza metali ya aina hiyo na kuipima bila chumba cha ombwe wala mtambo wa mamilioni. Nimechagua nikeli inayopakwa kwa umeme, kisha inabanduliwa kama karatasi nyembamba. Ziko njia nyingine, kama kusaga unga kwenye kinu cha mipira au kusukuma fito kwenye tundu lenye kona, lakini ya kwanza huacha vinyweleo na ya pili inataka presi kubwa. Ya umeme inahitaji bika (gilasi ya maabara), pauasapulai (kifaa cha kutoa mkondo wa umeme unaoudhibiti) na subira.

Kupata namba ya ugumu ni kazi ya dakika tano. Kujua namba hiyo ni ya sampuli gani ndiyo kazi ya miezi, na huko ndiko ninakotaka uweke nguvu zako.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla hujanunua chochote

Andika kwenye daftari unatarajia nini. Nikeli ya kawaida yenye fuwele za maikromita 10 hivi ina ugumu wa Vickers (namba inayopatikana kwa kubonyeza almasi juu ya metali, Hatua ya 6) wa takriban 140. Fuwele zikishuka hadi nanomita 100 ugumu hukaribia 300, na zikiwa nanomita 10 hukaribia 650. Basi ukipata 900, usishangilie, tafuta ulipokosea. Ukipata 200 huku kipimo cha eksirei (Hatua ya 5) kinakuambia fuwele ni nanomita 15, kuna jambo baya ndani ya karatasi yako ya nikeli.

Jua pia mahali kanuni ya Hall na Petch inapoishia. Fuwele ya nanomita 10 ina atomu kama 40 tu kutoka upande hadi upande. Ukichukulia mpaka una unene wa nanomita 1, karibu asilimia 30 ya metali yote iko mipakani. Kwa fuwele za nanomita 100 ni asilimia 3. Ndani ya fuwele ndogo namna hiyo dislokesheni hazina nafasi ya kujipanga foleni, na metali huanza kujikunja kwa fuwele kuteleza zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo chini ya nanomita 10 hadi 15 hivi ugumu huacha kupanda, na unaweza hata kushuka. Mwaka 1989 Chokshi, Rosen, Karch na Gleiter walitangaza kushuka huko kwa shaba na paladi, na mabishano yakadumu miaka mingi, kwa sababu sampuli za wakati ule zilikuwa unga ulioshindiliwa na zilikuwa na vinyweleo. Vinyweleo hivyo hivyo ndivyo vilivyowafanya watafiti wa mwanzo kudhani kwamba metali za nanomita zina unyumbukaji wa chini mno. Sampuli zilipokuwa nzima, sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitoweka.

Kama ni kazi ya shahada, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, iombe sasa, si wiki ya kuanza vipimo.

Hatua ya 2: Maji, chumvi na sukari bandia

Kwa lita 1 ya mchanganyiko: nikeli salfeti gramu 300, nikeli kloridi gramu 45, asidi boriki gramu 40, na sakarini gramu 5. Ndiyo, sakarini ile ile inayotia utamu. Inajibandika juu ya uso wa nikeli inapojengeka, inazuia fuwele zilizopo zisikue, na nikeli inalazimika kuanzisha mpya kila mara. Pia inapunguza mkazo wa ndani unaoifanya karatasi ijikunje kama jani kavu. Bei yake nyingine nitaifikia mwishoni, kwa sababu sakarini ina salfa.

Usitumie maji ya mfereji, na ya kisima hata usiyafikirie. Nairobi visima vingi vina floraidi na chumvi nyingine. Maji yaliyotoneshwa ya maabara ni bora. Ukikosa, maji ya betri ya kituo cha mafuta yanafaa, ila soma chupa vizuri, maana kwenye rafu hiyo hiyo kuna asidi ya betri, na chupa zinafanana.

Asidi boriki ni kaidi kuyeyuka. Pasha maji kwanza, iyeyushe hiyo, ndipo ufuatishe chumvi za nikeli, na sakarini mwisho. Chuja. Pima pH, unataka karibu 4. Ikiwa juu, tone la asidi salfuriki iliyozimuliwa. Ikiwa chini, nikeli kaboneti kidogo. Kisha weka joto kwenye sentigredi 50 na ulilinde hapo. Kipimajoto chako kikague kwa maji yanayochemka, lakini kumbuka uko Nairobi, juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari: maji yetu huchemka karibu na 94, si 100. Nimeona wanafunzi wakitupa vipimajoto vizima kwa sababu hiyo.

Chumvi za nikeli si za kuchezea. Zikigusa ngozi mara kwa mara zinaleta mzio usioisha, na vumbi lake likivutwa kwa miaka husababisha saratani. Vaa glavu, vaa barakoa unapopima unga, fungua madirisha kwa sababu kathodi, kipande kitakachopakwa nikeli, itatoa haidrojeni kidogo. Na mchanganyiko uliochoka usiumwage kwenye sinki. Uweke kwenye jerikeni lenye lebo, uukabidhi kwa mshughulikiaji wa taka hatari mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Mto Nairobi umebeba vya kutosha.

Hatua ya 3: Kathodi, anodi na stima

Kata kipande cha chuma cha pua, sentimita 2 kwa 3, ukisugue mpaka kiwe kama kioo. Nikeli haishikani sana na chuma cha pua, kwa hiyo utaibandua kwa wembe ukimaliza. Ukitaka ibaki imeshikwa, tumia shaba. Funika upande wa nyuma kwa utepe au rangi ya kucha. Anodi, yaani upande chanya unaoyeyuka na kutoa nikeli, iwe bamba la nikeli safi. Viwanda vya kupaka metali pale Industrial Area wanaijua vizuri, na mara nyingi watakuuzia kipande kilichobaki ukienda ana kwa ana na kueleza unachofanya.

Pauasapulai ya mezani utaipata Luthuli Avenue. Nunua inayoshikilia ampea, si volti pekee.

Sasa hesabu ya mkondo. Miliampea 50 kwa kila sentimita ya mraba ni mahali pazuri pa kuanzia. Uso wako ni sentimita 6 za mraba, kwa hiyo weka miliampea 300. Kwa sheria ya Faraday, inayofunga kiasi cha metali na kiasi cha umeme uliopita, nikeli itajengeka karibu maikromita 1 kwa dakika. Dakika 100 zinakupa maikromita 100, na uzito ulioongezeka unapaswa kuwa gramu 0.547 kama kila elektroni ilifanya kazi yake. Pima kathodi kabla ya kuifunika na baada ya kuifunua. Ukipata gramu 0.52, ufanisi ni asilimia 95, endelea kwa furaha. Ukipata 0.40, mkondo mwingi umepotelea kwenye haidrojeni, na sehemu ya haidrojeni hiyo huenda iko ndani ya nikeli yako. Koroga taratibu muda wote, la sivyo mapovu yataacha vishimo usoni.

Na stima. Mwaka mmoja nilikuwa dakika ya 70 umeme ukapotea kwa dakika tatu tu. Uliporudi nikaendelea, karatasi ikatoka inang'aa, nzuri ya kuonyesha watu. Nilipoikata kando na kuiweka chini ya hadubini, palikuwa na mstari mweusi kama uzi, theluthi moja kutoka juu. Nikeli iliyokaa bila mkondo inajivika ngozi nyembamba ya oksidi, na nikeli mpya haiishiki vizuri. Niliibonyeza na tabaka mbili zikaachana. Kila namba niliyoipima juu ya karatasi ile ilikuwa ya metali mbili, si moja. Tumia betri ya akiba, na ukikatiziwa katikati, anza upya. Hakuna dawa nyingine.

Tengeneza karatasi kadhaa: bila sakarini kabisa, yenye gramu 0.5, yenye 1, yenye 5. Na kila moja irudie angalau mara tatu. Kingo hupata mkondo mwingi kuliko katikati na huwa nene, kwa hiyo kata milimita 3 pande zote na uzitupe.

Hatua ya 4: Je, ni nzima?

Wengi huiruka hatua hii. Pima msongamano: uzito hewani, kisha uzito ndani ya maji. Nikeli isiyo na vinyweleo ni gramu 8.9 kwa sentimita ya ujazo. Karatasi yako ya nusu gramu husukuma maji ya gramu 0.06 tu, kwa hiyo mizani inayosoma hadi gramu 0.01, kama zile za sonara, haitakusaidia kitu. Makosa yake ni karibu moja ya sita ya unachotafuta. Unahitaji inayosoma gramu 0.0001. Kopa, omba, panga foleni, lakini usiendelee bila hiyo.

Halafu kata kando na uitazame. Unapoishikiza kwenye plastiki ili uisugue, tumia ile inayoganda baridi. Presi ya moto huenda hadi sentigredi 150 au 180, na joto hilo linatosha kubadilisha mipaka ya fuwele hata kama fuwele zenyewe hazijakua. Utakuwa umeishughulikia sampuli kwa moto kabla hujaanza, na hutakuwa umeliandika popote.

Hatua ya 5: Eksirei na kipimo cha fuwele

Mashine ya mnyumbuko wa eksirei, inayorusha eksirei kwenye sampuli na kuchora vilele kwenye pembe zinazotegemea mpangilio wa atomu, mara nyingi iko kwa wanajiolojia au wanakemia, si kwa wahandisi. Nenda uwaulize kwa heshima, na uende na sampuli iliyo bapa na safi. Kwa eksirei ya shaba, vilele vya nikeli viko karibu na digrii 44.5, 51.8 na 76.4. Usishangae kilele cha pili kikiwa kirefu kuliko cha kwanza. Nikeli ya umeme hupenda kulaza fuwele zake upande mmoja.

Fuwele zikiwa ndogo, vilele hunenepa. Fomyula ya Scherrer, ya mwaka 1918, inasema kipimo D = 0.9 × λ ÷ (β × cos θ), ambapo λ ni nanomita 0.15406, θ ni nusu ya pembe ya kilele, na β ni unene wa kilele kwenye nusu ya urefu wake, kwa radiani. Kosa la kwanza la kila mtu ni kuweka β kwa digrii. Kosa la pili ni kubwa zaidi: mashine yenyewe ina unene wake, na lazima uuondoe.

Hebu tuone kwa namba. Kilele cha 44.5 kina unene wa digrii 0.25. Umepima unga wa kulinganisha wenye fuwele kubwa kwenye mashine hiyo hiyo, ukapata digrii 0.15. Usipoondoa kitu, D ni nanomita 34. Ukiondoa kwa kutoa miraba, kama vilele vina umbo la kengele ya Gauss, unabaki na digrii 0.20, na D ni 43. Ukitoa moja kwa moja, kama vilele vina umbo la Lorentz lenye miguu mirefu, unabaki na 0.10, na D ni 86. Kilele kimoja, majibu matatu, na la mwisho ni mara mbili ya la katikati! Kwa hiyo tazama umbo la kilele kabla ya kuchagua, na kwenye ripoti yako sema ulichagua nini.

Mkazo wa ndani nao hunenepesha vilele. Njia ya Williamson na Hall ya 1953 (Hall huyu si yule wa 1951) hutenganisha mambo haya mawili kwa kuchora unene wa vilele vyote pamoja. Kwa vilele vitatu tu, chukua jibu lake kama dokezo. Ukizidi nanomita 100, acha Scherrer kabisa. Na kama mtu anaweza kukuwekea hata sampuli moja kwenye hadubini ya elektroni inayopenyeza, mpe ile ambayo una mashaka nayo zaidi, usimpe iliyo nzuri.

Hatua ya 6: Kubonyeza

Vickers ni almasi yenye umbo la piramidi, pembe ya digrii 136. Ugumu ni 1.8544 × F ÷ d², F ikiwa kilogramu-nguvu na d ikiwa wastani wa mishazari miwili ya alama inayobaki, kwa milimita. Tumia gramu 100. Kwa nikeli ya ugumu 500, mshazari utakuwa maikromita 19.3 na kina ni moja ya saba ya hapo, yaani karibu 2.8. Karatasi ya maikromita 100 inatosha kabisa ukibonyeza juu ya uso. Ukibonyeza kwenye ukingo uliokatwa, kaa katikati, kwa sababu unataka mishazari miwili na nusu hadi kila upande, na hiyo ni maikromita 48. Umebakiwa na nafasi ndogo.

Ukikosea kusoma mshazari kwa nusu maikromita, ugumu wa 500 unageuka 475. Ndiyo maana alama tatu hazitoshi. Bonyeza kumi, mwombe mwenzako azisome bila kujua zako, mlinganishe. Anza siku kwa kipande cha kulinganisha chenye cheti na umalize nacho.

Ukigawanya ugumu kwa 3 unapata makadirio ya nguvu: 500 ni sawa na megapaskali 4,900, kwa hiyo nguvu ni kama 1,600. Ni makadirio tu. Jaribio la kuvuta lenyewe ni gumu kwa karatasi nyembamba. Mkasi huacha nyufa ukingoni, na metali hii haisamehe ufa; itakatika mapema na utaandika kwamba haivutiki, kumbe ni mkasi. Zibane karatasi kadhaa kati ya bamba mbili za chuma, zipigwe tupa pamoja, kisha kingo zisuguliwe.

Hatua ya 7: Moto

Sasa rudi kwa fundi wa Kamukunji. Chuma kikiwa bishi, kipeleke motoni, kitatulia. Chukua karatasi zako zenye sakarini gramu 5, uzipashe saa moja kila moja kwa sentigredi 100, 150, 200, 300 na 400, uzipime tena zote, eksirei na ugumu. Kwenye zile za joto la chini unaweza kuona kitu ambacho fundi hangekitarajia: ugumu unapanda kidogo. Mipaka iliyokuwa na vurugu imejipanga, na dislokesheni sasa hupata shida zaidi kuanzia pale. Joto likizidi, fuwele huanza kukua, nyingine ghafla kuliko jirani zake, na ugumu unashuka kama alivyosema.

Hapo ndipo ile bei ya sakarini inapodaiwa. Ulipobadilisha sakarini kutoka 0 hadi 5 ulibadilisha kipimo cha fuwele na kiasi cha salfa kwa pamoja, kwa hiyo mchoro wako wa Hall na Petch (ugumu dhidi ya kipimo cha fuwele) una mambo mawili ndani ya mstari mmoja. Sema hivyo waziwazi kwenye ripoti. Na salfa hiyo, karatasi inapopashwa, hukusanyika mipakani. Chukua ile ya sentigredi 400, ambayo mashine ya Vickers inakuambia imelainika, uikunje kwa vidole juu ya ukingo wa meza. Ikivunjika kama ganda la yai, iandike kwenye safu ile ile ya jedwali, kando ya namba ya ugumu: imelainika, na imevunjika. Kisha ukunje na ile ambayo haikupashwa, uandike ilivyofanya.